Dakta Krapf, Mwanafunzi wa Lugha

Mpenzi msomaji, usishangae kuona mwanachama wa chama cha Kiswahili akianza na habari za Kiingereza. Niwie radhi, utanielewa.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, insha yangu ya Kiingereza ilisomwa mbele ya darasa. Nilitaka kusema nilisikia harufu mbaya, nikatumia neno "hear", maana sisi harufu twaisikia. Kumbe Waingereza wana kitenzi chake, "smell". Darasa zima lilicheka hadi machozi yakawatoka. Tangu siku hiyo nikawa bubu katika kipindi cha Kiingereza. Hata jibu nikilijua, sinyoshi mkono ng'o! Alama nazo zikashuka kama jiwe kisimani.

Aliyenitoa katika ububu huo ni marehemu Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alikuwa mmishonari, akafanya kazi kwanza Ethiopia. Mwaka 1844 alifika Mombasa akiwa na barua ya Seyyid Said. Julai mwaka huohuo homa ikamshika yeye na mkewe, Rosine. Mkewe alifariki baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Kaburi liko upande wa Nyali. Ukitoka kwetu Mbaraki, yabidi ukikate kisiwa chote kisha uvuke daraja.

Mwingine angefunga virago. Yeye alishika kalamu. Mwaka huohuo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, aliendelea kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakungoja aijue lugha yote ndipo aitumie. Tena ngeli zetu hazikuwa mchezo kwa Mjerumani: mtu watu, kiti viti, mti miti, na kila moja na upatanisho wake. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa Tübingen. Aliiandika kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake!

Tangu 1846 alikaa Rabai na mwenzake, Rebmann. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Wataalamu wa Ulaya walimcheka, ati theluji itoke wapi kwenye ikweta? Krapf hakunyamaza kwa kuchekwa, na mlima ungali pale pale.

Mwaka 1853 afya ilimlazimu kurudi kwao. Aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili huko Korntal hadi alipofariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, naye hakuiona. Humo maneno mengi hayakuachwa peke yake, bali yametiwa katika sentensi jinsi watu wa Mvita walivyosema.

Basi nami nikanunua daftari. Kila neno jipya la Kiingereza naliandika ndani ya sentensi. Ukurasa wa kushoto naandika tusemavyo sisi, wa kulia wasemavyo wao. Sisi twafungua redio, lakini wao hawatumii "open", husema "switch on". Sisi tuna shauri na mashauri, lakini "advice" haliongezwi "s" hata yakiwa mashauri mia. Nimegundua kuwa makosa yangu mengi si ujinga, ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza. Ukizijua lugha zote mbili vizuri, utajua pa kuzitenganisha.

Muhula huu nimenyosha mkono. Nilikosea tena, wakacheka tena, lakini safari hii niliendelea hadi nikaimaliza sentensi yangu. Ewe mwenzangu uliyenyamaza huko nyuma ya darasa, nyosha mkono. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.