Dkt Bob: Mlevi aliyegeuka tabibu wa walevi

DAKTARI wa upasuaji mikono ikimtetemeka, utamkubali akuguse na kisu?

Hiyo ndiyo hali aliyoishi nayo Dkt Robert Holbrook Smith, maarufu kama Dkt Bob, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Kwa takriban miaka 17 ratiba yake ilikuwa ileile: asubuhi anameza dawa za kutuliza mishipa ili aweze kufanya kazi, jioni anarudi kwa chupa.

Alizaliwa Agosti 8, 1879, St. Johnsbury, Vermont, katika familia ya jaji iliyoshika dini. Alianza kupiga mtindi kwa dhati akiwa chuoni Dartmouth. Masomo ya udaktari nusura yamshinde kwa sababu hiyo, lakini alihitimu Chicago mwaka wa 1910.

Mkewe, Anne, alikuwa akipekua nyumba. Naye daktari akawa fundi wa kuficha: chupa kwenye makaa, juu ya fremu za milango, hata ndani ya soksi. Serikali ya Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka wa 1920, alidhani atapona kwa lazima. Wapi! Madaktari waliruhusiwa kupata pombe ya tiba, na wauzaji wa magendo hawakuwa mbali. Watoto wake wawili waliahidiwa mara ngapi kwamba baba ameacha? Nyumba nayo ilikuwa na deni, wagonjwa wakipungua.

Kisha ikaja Mei 12, 1935, Siku ya Akina Mama. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa amekwama Akron baada ya dili yake kuporomoka. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe, na baa ya hoteli ilikuwa inamwita. Badala ya kuingia, alianza kupigia makanisa simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Dkt Bob.

Daktari alifika akiwa na mning'inio, akatangaza kwamba anakaa dakika 15 pekee. Aliondoka baada ya saa sita.

Kilichomshika ni nini? Mahubiri alikuwa ameyasikia tele, na kuhusu madhara ya pombe mwilini yeye ndiye aliyekuwa msomi. Lakini Bill hakumfokea wala kumshauri. Alimsimulia maisha yake mwenyewe, aibu zote, na Bob akajiona humo. Kwa mara ya kwanza alikuwa anazungumza na mtu aliyepitia yaleyale.

Usidhani mambo yalinyooka papo hapo. Wiki chache baadaye alisafiri kwa kongamano la madaktari Atlantic City, akalewa chakari hadi akapoteza siku nzima nzima. Alirudi akiwa na operesheni ya kufanya. Asubuhi hiyo Bill mwenyewe alimpa bia ili mikono itulie, kile ambacho siku hizi mtaani tunaita kutoa loki. Baada ya upasuaji Bob alipotea kwa saa kadhaa, nyumbani wakaogopa. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kuwaomba msamaha watu aliowakosea na wale waliomdai. Bia hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Siku hiyo, Juni 10, 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous (AA) huhesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Hamu ya pombe iliendelea kumsumbua kwa karibu miaka miwili na nusu. Hapa ndipo mimi humheshimu zaidi. Hakungoja apone kabisa ndipo asaidie wengine. Mwezi huohuo wa Juni, yeye na Bill walikuwa hospitalini kando ya kitanda cha wakili mmoja mlevi aliyekuwa amewapiga wauguzi. Wakili huyo naye aliacha.

Hospitali nyingi za enzi hizo hazikutaka walevi. Agosti 1939, Sista Ignatia wa Hospitali ya St Thomas, Akron, alimwandikisha mgonjwa wa Bob kama mwenye ugonjwa wa tumbo, kisha akamlaza katika chumba cha kutayarishia maua. Baadaye ikatengwa wodi nzima. Mgonjwa alikaa siku chache, akitembelewa na watu walioacha pombe, kila mmoja na kisa chake.

Kufikia 1950, Dkt Bob alikuwa amewatibu walevi wapatao 5,000 bila kuwatoza ada yake. Linganisha hilo na bili za vituo vya kurekebisha tabia hapa kwetu! Mtindo wake wa mraibu kumketisha mraibu mwenzake hadi leo unatumika katika mikutano ya AA, Nairobi ikiwemo.

Anne alifariki Juni 1949. Bob akamfuata Novemba 16, 1950, akiugua saratani. Marafiki walikuwa wamependekeza wamjengee mnara, akakataa, akitaka azikwe kama watu wengine. Kaburi lake Akron lina majina na miaka tu, yake na ya Anne. Hakuna neno AA popote kwenye jiwe hilo.