Jay Miner, fundi aliyeacha majina ya wenzake ndani ya mashini

Matajiri wa ordinatere tunawajua, wengine hata sura zao. Jina la Jay Miner halisikiki sana huku kwetu. Kwa Kiingereza, Miner ni mutu wa mugodi. Yeye hakuchimba shaba; alichora chipu, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu ndani ya mashini. Lakini sisi tunaotumika mu mugodi tunamuhesabia kama mwenzetu, na tutaeleza sababu.

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1932 mu Prescott, muji wa Arizona, Marekani. Kijana alitumika kwanza kwa walinzi wa pwani, kisha akasoma elektroniki ku Chuo Kikuu cha California, mu Berkeley. Alimaliza mwaka 1958.

Watu walianza kuona kazi yake wakati alikuwa ku kompanyi ya Atari. Mwaka 1977 Atari ilitoa Atari 2600, mashini ya michezo ya kufunga ku televizyo. Miner na fundi kijana Joe Decuir njo walitumika juu ya chipu ya picha. Ile mashini ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, ni kusema nafasi ya herufi 128. Picha nzima haikuweza kuingia mule, basi chipu ilipashwa kuchora mustari kwa mustari, palepale televizyo inapoonyesha. Kisha Miner aliongoza kazi ya chipu za Atari 400 na Atari 800, ordinatere za nyumbani zilizotoka mwaka 1979.

Atari ilipata feza mingi. Miner mwenyewe alieleza kiisha kama mafundi waliahidiwa primu na hawakuipata. Tena alitaka kujenga ordinatere mupya yenye nguvu, kwa chipu ya Motorola 68000. Wakubwa walikataa. Akaaga, akaenda kutengeneza chipu za vyombo vya kusaidia moyo wa wagonjwa.

Mwaka 1982 mwenzake wa zamani alimuita mu kompanyi ndogo ya California, iliyoitwa kwanza Hi-Toro, kisha Amiga. Feza za kuanza zilitoka kwa madaktari wa meno, wao walitaka mashini ya michezo. Miner alikubali, lakini mu kichwa chake ilikuwa ordinatere kamili. Ili washindani wasijue, kompanyi iliuza pia vyombo vya kuchezea michezo.

Chipu kubwa zilikuwa tatu, na mwishoni ziliitwa Agnus, Denise na Paula. Moja iliongoza kumbukumbu, ingine picha, ingine sauti, ili chipu ya kati isibebe kazi yote peke yake. Mbele ya kuzitengeneza kwa kweli, mafundi walizijenga kwa nyaya juu ya mbao kubwa. Mwezi wa kwanza 1984 walibeba ule muzigo wa nyaya ku maonyesho ya Las Vegas. Kule vijana wawili, RJ Mical na Dale Luck, walikesha usiku wakiandika programu ya mpira mwekundu na mweupe unaorukaruka. Watu walishangaa.

Lakini feza ziliisha. Atari ilikuwa imekopesha dola 500,000, na kama deni halilipwi mbele ya mwisho wa mwezi wa sita, chipu zingekuwa zake. Commodore ikatoa feza za kulipa, kisha ikanunua kompanyi yote.

Tarehe 23 Julai 1985 Amiga ilionyeshwa mu New York kwa sherehe kubwa, bei dola 1,295. Iliweza kuonyesha rangi 4,096 pa skrini moja, wakati ordinatere mingi za ofisi zilikuwa na 16 ao chini yake.

Sasa sababu yetu njo hii. Ukifungua ile Amiga ya kwanza na kugeuza kifuniko, unakuta ndani sahihi za wale waliotumika, zimetiwa mu plastiki yenyewe. Ya Miner iko pamoja na za wengine. Hata alama ya muguu wa Mitchy, imbwa yake aliyemufuata ku kazi, iko pale. Mununuzi hakuziona, lakini kila mashini ilitoka nazo mu usine.

Miner alikuwa mugonjwa wa mafigo miaka mingi, na mashini ya kusafisha damu ilimusaidia. Dada yake alimupa figo moja. Commodore ilianguka mwezi wa ine 1994. Yeye alikufa tarehe 20 Juni mwaka uleule, akiwa na miaka 62.

Kwetu, ku mulango wa usine mupya kunabandikwa jina la mukubwa aliyekuja siku moja kukata kamba. Yule aliyechomelea vyuma, aliyevuta nyaya, aliyeacha kidole mule ndani, jina lake linabaki ku karatasi ya mushahara tu, na karatasi inapotea. Ku sendika tunaomba mushahara na usalama, na tutaendelea kuviomba. Tuongeze na hili: kazi ikiisha, majina ya walioifanya yaandikwe. Kompanyi mbili zilizopata feza ku mikono ya Jay Miner, moja imekufa, ingine imebadilisha wenyewe mara mingi. Majina mu kifuniko yangali yanasomeka.