Michael Grzimek: rubani aliyegongana na tumbusi akiwa kazini Serengeti

Msikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti, ukiona ndege ndogo ikipita chini chini juu ya hifadhi, huenda wataalamu wanahesabu nyumbu. Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo hapa kwetu aliifia.

Michael Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1956 baba na mwana walitoa filamu kuhusu wanyama wa Afrika, ikawapatia fedha. Walitaka kununua ardhi ya kupanua hifadhi, lakini uongozi wa hifadhi za Tanganyika ukawashauri wahesabu wanyama kwanza. Serikali ya Waingereza ilikuwa inapanga kubadili mipaka ya Serengeti bila kujua nyumbu hupita wapi.

Wakajifunza urubani, wakanunua ndege aina ya Dornier, wakaipaka mistari ya pundamilia na kuirusha wenyewe kutoka Ujerumani. Mwaka 1958 walihesabu wanyama wakubwa 366,980. Waliona pia kwamba nyumbu huvuka mipaka iliyokuwa inapangwa.

Hatari ilikuwa moja. Anayehesabu wanyama huruka chini, na huko ndiko waliko tumbusi. Jua likipanda, ardhi hupata joto na hewa ya moto hupaa. Tumbusi hupaa nayo bila kupiga mabawa, huku akiinamisha kichwa kutafuta mzoga. Akiinama hivyo, haoni vizuri kilicho mbele yake. Na ni ndege mzito, kilo 7 au zaidi.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi akagonga bawa la kulia. Bawa likapinda, nyaya za kuongozea zikakwama, ndege ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24, akamwacha mke kijana. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Baba yake aliimalizia filamu waliyokuwa wanaipiga, ambayo jina lake ni sawa na kusema Serengeti isife. Mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Ngorongoro ilitengwa, na Serengeti ikaongezwa kaskazini, upande wetu, hadi mpaka wa Kenya. Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishwa. Ndiyo maana jina la Grzimek lina pande mbili kwa sisi tunaoishi kando ya hifadhi. Leo nyumbu ni zaidi ya milioni moja, na dunia nzima inaijua Serengeti. Lakini Profesa aliamini hifadhi haipaswi kukaliwa na watu, na suala la ardhi, malisho na mipaka bado ni zito vijijini mwetu.

Profesa alifariki mwaka 1987, na majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, bado inahesabu wanyama kutoka angani. Marubani nao bado wanawaangalia tumbusi. Kwa hiyo, kama kijiji chako kiko karibu na uwanja mdogo wa ndege, msitupe mizoga wala taka jirani nao. Mzoga ukiwa pale, tumbusi watakuja, na rubani atakutana nao wakati wa kutua au kuruka.