Judith Ayaa: Bingwa wa Mbio Aliyeishia Kuponda Mawe

Mara hii tunawaletea habari za maisha ya Judith Ayaa wa Uganda, ambaye enzi zake alikuwa mmoja wa wanawake wenye mbio kuliko wote katika Afrika. Vijana wengi hawamjui, na hata wazee waliokuwa wakisikiliza habari za michezo redioni huenda wamekwisha kumsahau. Tumemchagua yeye kwa sababu sehemu ya mwisho ya maisha yake inafanana sana na maisha ya akina mama tunaowaona kila siku huku kwetu, tangu Maganzo mpaka Nyarugusu.

Judith Ayaa alizaliwa mwaka 1952, naye alikuwa mtu wa kaskazini ya Uganda, wa kabila la Waacholi. Hao ndio watu wa Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye Waanglikana wote wa Afrika Mashariki wanamkumbuka. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Ayaa alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi. Siku zile mbio zilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Wasichana walikimbia shuleni, lakini wakishapevuka walitazamiwa kukaa nyumbani, kulima na kulea. Hata Kenya, nchi yenye sifa kubwa ya mbio, ilipeleka wanawake kwenye riadha za Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1968 tu.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo jina la Ayaa lilipoanza kusikika. Kulikuwa na mashindano ya riadha ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo nchi zetu jirani zilikutana na kupimana nguvu. Ayaa, akiwa bado msichana asiyefika miaka 20, alishinda huko na kurudi na medali za dhahabu. Alikuwa hodari katika mbio fupi, lakini mbio zilizomfaa zaidi zilikuwa mita 400.

Yafaa tueleze kidogo mbio hizo. Mita 400 ni kuuzunguka uwanja mara moja. Mtu asiyezijua hudhani ni rahisi, kwa kuwa hazifiki hata dakika moja. Kumbe wanariadha wengi huziogopa kuliko nyingine. Mkimbiaji hawezi kwenda polepole, maana hizi bado ni mbio za kasi. Wala hawezi kutoa nguvu zake zote mwanzoni, maana zitamwishia. Akiingia kona ya mwisho miguu huwa mizito kama imefungwa mawe, na pumzi humpungukia. Hapo ndipo mshindi hujulikana.

Mwezi wa Julai mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika katika mji wa Edinburgh, Scotland. Watanzania tunaikumbuka michezo hiyo kwa sababu bondia wetu Titus Simba alipata medali ya fedha. Uganda nayo ilimpeleka Ayaa, msichana wa miaka 18. Katika mbio za mchujo alikimbia kwa sekunde 52.86, wakati ambao hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa ameufikia. Katika fainali alikutana na Marilyn Neufville wa Jamaica, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1952. Siku hiyo Neufville aliwaacha wenzake mbali, akashinda kwa sekunde 51.02 na kuvunja rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Sandra Brown wa Australia, kwa sekunde 53.66. Ayaa alifika wa tatu kwa sekunde 53.77, akapata medali ya shaba. Kati yake na medali ya fedha palikuwa na sehemu 11 tu za mia moja za sekunde, muda usiotosha hata kupepesa jicho.

Miezi sita baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. Askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa, na watu wa kaskazini wakaishi kwa hofu. Katika hali hiyo Ayaa aliendelea kukimbia. Mwaka 1972 alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Olimpiki. Huko alikimbia vizuri kuliko alivyokimbia Edinburgh, akafikia sekunde 52.68, lakini washindani walikuwa wakali na alitolewa kabla ya nusu fainali. Hata hivyo wakati huo ulibaki kuwa rekodi ya wanawake wa Uganda kwa miaka mingi baada ya yeye kuacha kukimbia.

Katika Olimpiki hiyo hiyo Mganda mwenzake, John Akii-Bua, alipata medali ya dhahabu katika mita 400 za kuruka viunzi, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Taifa zima lilimshangilia. Yeye pia alipata taabu baadaye, hata akawa mkimbizi Kenya Amin alipoangushwa mwaka 1979. Lakini jina lake halikupotea. Kampala ipo barabara inayoitwa kwa jina lake, na Lira upo uwanja wake. Jina la Ayaa lilibaki katika vitabu vya matokeo.

Mwaka 1976 Uganda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal. Mwaka 1978 haikushiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Miaka ambayo mwanariadha wa umri wake angetazamiwa kuwa na nguvu zake zote ilipita hivyo. Ayaa alikuwa mama wa watoto, na nchi yake ilikuwa katika vita na dhiki. Medali ya shaba hailishi mtoto, na siku zile riadha haikuwa na fedha kama leo.

Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba bingwa huyu alikuwa akiponda mawe kwa nyundo, ili yeye na watoto wake wapate kula. Ni kazi ambayo wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini waliifanya katika machimbo ya Kampala: kukaa juani, kupasua jiwe likawa kokoto, na kuziuza kwa wajenzi kwa bei ndogo. Miguu iliyokimbia Edinburgh na Munich sasa ilikunjwa chini siku nzima kando ya rundo la mawe. Judith Ayaa alifariki mwaka 2002, akiwa na umri wa kama miaka 50.

Ndugu msomaji, sisi wa Shinyanga na Geita hatuhitaji kuelezwa kazi hiyo. Tunawajua akina mama wanaokaa kando ya mashimo ya dhahabu, wengine na mtoto mgongoni, wakiponda mawe ambayo wachimbaji wameyatoa. Vumbi huwajaa kifuani na mikono huota sugu. Tunapita karibu nao tukienda sokoni, na mara nyingi hatuwasalimu. Nani kati yetu amewahi kumwuliza mmoja wao alikuwa nani kabla ya kushika nyundo? Waliopita karibu na Ayaa nao waliona mwanamke maskini tu, wala hawakujua kwamba ni bingwa aliyewapa sifa.

Ayaa hakukosa watu wa kumshangilia. Alikosa watu wa kumwulizia hali baada ya shangwe kwisha. Wasichana wetu wanaposhinda kwenye michezo ya shule tunawapigia vigelegele, na ni vema. Lakini tuwaulizie tena mwaka unaofuata, na baada ya miaka 10, wakiwa na watoto na shida zao. Na tuanze na hawa walio karibu: tuwasalimu, tuwajue kwa majina, na mmoja wao asipoonekana siku mbili tatu, twende tukamjulie hali.