Tommy Lawton: bei ilipanda, mfuko ukabaki mwepesi

Siku hizi kijana wa kwetu anajua bei ya wachezaji wa Ulaya kuliko bei ya unga sokoni. Basi leo tuongelee mshambuliaji mmoja ambaye bei yake ilisumbua Uingereza nzima, lakini makuta yenyewe hakuyashika.

Tommy Lawton alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1919 huko Farnworth, karibu na Bolton, eneo la viwanda vya pamba. Miguu yote miwili ilifanya kazi, lakini kichwa njo kilikuwa silaha yake. Aliruka, akabaki juu, beki anashuka yeye angali hewani. Burnley walimuingiza mu timu kubwa akiwa na miaka 16. Siku 4 tu kisha kufikisha 17, akafunga Tottenham mabao 3.

Everton wakamnunua kwa pauni 6.500. Pale alimkuta Dixie Dean, yule wa mabao 60 katika msimu mmoja wa ligi. Kila mtu aliona kama kijana ameletwa kumtoa mkubwa kwenye nafasi yake, lakini Dean hakumfungia roho, alimfundisha kazi. Msimu wa 1938-39 Lawton akafunga 34 katika ligi, Everton wakawa mabingwa. Alikuwa na miaka 19! Kisha vita ikaanza, ligi ikasimama mpaka 1946. Alicheza mechi nyingi za wakati wa vita, ila mabao yale hayahesabiwi kwa ligi.

Mwaka 1945 akaenda Chelsea. Mwaka 1947 watu wakashangaa: mshambuliaji wa timu ya taifa anashuka divizio ya tatu, kwa Notts County! Bei ilikuwa pauni 20.000, rekodi ya Uingereza wakati ule. Wengi walisema amejiharibia.

Mimi siwaungi mkono. Pesa ya kuuzwa ilikuwa ya klabu. Mchezaji, hata awe nyota, sheria ya ligi ilimfungia mshahara kwa pauni 12 kwa wiki. Kama mshahara ni ule ule juu na chini, kwa nini usiende kwa rafiki yako? Na kocha wa County, Arthur Stollery, alikuwa rafiki yake tangu Chelsea. Uwanja ukajaa, na mwaka 1950 wakapanda divizio ya pili. Kwa timu ya taifa alimaliza na mabao 22 katika mechi 23.

Kisha Brentford, kisha Arsenal, hapo umri umeshaenda. Kiwango kile cha mshahara kiliondolewa mwaka 1961, yeye ameshaacha kucheza. Alirudi County kama kocha, timu ikashuka, akafukuzwa. Akaendesha baa, akauza bima, akakaa bila kazi. Miaka ya 1970 alipelekwa mahakamani juu ya hundi zisizokuwa na pesa. Everton wakamuandalia mechi ya kumsaidia.

Uzeeni alipata kibarua cha kuandika juu ya mupira katika gazeti la Nottingham. Alikufa tarehe 6 Novemba 1996, miezi michache kisha Newcastle kununua Alan Shearer kwa pauni milioni 15. Majivu yake yalipewa jumba la makumbusho ya mupira la Uingereza.