Subadar Subramanian, Mtegua Mabomu

Ndugu zetu wa nyumbani, kila mwaka katika kijarida hiki cha harambee tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyewatangulia wenzake. Safari hii tumemchagua mtu wa mbali, lakini habari yake inatugusa.

Subramanian alitoka kusini mwa India, upande wa Madras, jiji linaloitwa leo Chennai. Alijiunga na askari wahandisi wa Madras, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1780 na chenye makao yake Bangalore. Askari hao walijenga madaraja, walitengeneza barabara na walitegua mabomu yaliyofukiwa ardhini, ili jeshi lipite. Alipanda ngazi hadi akawa Subadar, yaani ofisa aliyetokana na askari wa kawaida.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfikisha Italia. Mwanzoni mwa mwaka 1944 majeshi ya Uingereza, Marekani na washirika wao yalikuwa yamekwama mbele ya mlima wa Cassino. Wajerumani walikuwa wametega mabomu kila mahali pa kupita. Kuyaondoa kulikuwa kazi ya hatua kwa hatua: mmoja hutangulia na kifaa cha kutambua chuma, mwingine hufuata akitandaza utepe mweupe kuonyesha njia salama.

Tarehe 24 Februari 1944, karibu na Mignano, si mbali na Cassino, Subramanian alikuwa kazini na wenzake bomu moja lilipokuwa karibu kulipuka. Alijitupa juu yake. Mlipuko ukamuua, na mwili wake ukawa ngao ya wenzake.

Mwezi Juni mwaka huohuo ilitangazwa kwamba ametunukiwa nishani ya George Cross, ambayo ni ya ushujaa mkubwa kabisa usiofanywa mbele ya adui. Alikuwa Mhindi wa kwanza kutunukiwa nishani hiyo.

Mwaka huohuo wa 1944, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nyumba nyingi za kwetu zina babu aliyekwenda Keya, na wapo ambao hawakurudi. Subramanian tunamjua leo kwa sababu jina lake liliandikwa. Majina ya wazee wetu yako vinywani mwa wajukuu, na wajukuu wenyewe wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu, pamoja na kukamilisha paa la zahanati, ina fungu dogo la ubao wa majina utakaotundikwa ukumbini pa kungojea wagonjwa. Tunaomba kila ukoo ulete jina la mzee wake, mwaka aliokwenda ikiwa unajulikana, na picha kama ipo. Asiye na fedha alete jina tu. Nalo tutalipokea mezani na kulikatia stakabadhi, kama tunavyofanya kwa kila mchango.