Akili ni Nywele: Funzo la Daktari wa Mathari

Wahenga walinena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwalimu wa Tononoka huushuhudia ukweli huo kila msimu wa mtihani uwadiapo. Wanafunzi wawili huingiwa na hofu ile ile, wakapewa nasaha zile zile. Mmoja akatulia, mwenziwe akazidi kukosa usingizi. Tofauti hiyo ya mtu na mtu ndiyo iliyompita daktari mmoja mashuhuri katika historia ya nchi yetu.

John Colin Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903. Alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1938 akakabidhiwa hospitali ya maradhi ya akili ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa ameisomea fani hiyo. Mafunzo rasmi, tena ya miezi michache, aliyapata Uingereza mwaka 1946.

Akiwahesabu waliolazwa, aliona Waafrika wachache wenye huzuni nzito, akahitimisha kuwa maradhi hayo ni nadra kwao. Lakini aliyefikishwa Mathari aghalabu alikuwa yule aliyevuruga amani. Aliyelia kimya kimya alibaki nyumbani, wala hakuingia katika hesabu.

Mwaka 1951 Carothers aliandika kwamba mwenendo wa Mwafrika unafanana na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hakuwa na picha ya ubongo hai hata moja ya kuthibitisha neno hilo. Hata hivyo, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake juu ya Mau Mau, iliyotia uzito katika nafsi zilizotikiswa na mabadiliko kuliko katika ardhi iliyoporwa. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alimkosoa, naye Frantz Fanon akamshambulia waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1961. Carothers alifariki mwaka 1989.

Leo wataalamu wanao uwezo wa kuuona ubongo ukifanya kazi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 39 wenye hofu kubwa ya kuwa mbele za watu. Kabla ya tiba ya mazungumzo, walionyeshwa nyuso zenye hasira huku ubongo wao ukipigwa picha. Wale ambao sehemu zao za ubongo zinazohusika na kuona ziliitikia kwa nguvu zaidi ndio waliofaidika zaidi na tiba hiyo.

Lengo hapo ni jema: kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, si kabila wala rangi yake. Lakini watu 39 ni wachache, na kipimo kilichojaribiwa ughaibuni hakifai kutumiwa Mombasa kabla ya kujaribiwa kwa watu wa hapa. Tukikosa subira hiyo, tutalirudia kosa la Carothers kwa mashine ya bei ghali.

Nawe mwalimu, usingojee mashine. Mwite faraghani yule mwanafunzi aliye kimya, umsikilize. Huenda ndiye asiyehesabiwa.